Wapimeni wazee wetu, lakini majibu yarudi kijijini

NDUGU msomaji, leo siandiki habari za vigogo na mashangingi yao, ingawa gari kubwa limo katika habari hii. Nataka tuzungumze juu ya wazee wetu na watu wanaokuja kuwapima.

Jambo lenyewe siku hizi ni la kawaida katika wilaya nyingi. Gari jeupe linaingia kijijini, linaegeshwa chini ya mwembe karibu na ofisi ya mtendaji. Wanashuka vijana wenye fulana za nembo, vishikwambi mkononi, mizani, mashine ya presha na kisanduku cha barafu cha kuwekea damu. Mwenyekiti wa kitongoji anatangulia kuonyesha nyumba. Wanatafutwa wenye miaka 60 na kuendelea, au 70 na kuendelea, kadiri karatasi zao zinavyosema. Mzee anaulizwa maswali saa nzima au zaidi. Anapimwa presha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anaambiwa ainuke kitini bila kushika kitu, atembee hatua kadhaa huku sekunde zinahesabiwa, abinye chuma ili nguvu za mkono zijulikane. Anatobolewa kidole. Anaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuisoma. Anapewa mche wa sabuni au kilo ya sukari, na gari linaondoka na vumbi lake.

Swali langu ni fupi. Kisha nini?

Wapo wanaosema dawa ya mchezo huu ni kukataa. Nimewasikia vijana wenzangu wa mjini wakiwapigia simu wazazi wao: mama, usikubali kutolewa damu, hao ni mumiani. Neno hilo halikuanza jana. Tangu enzi za mkoloni, pwani na bara, watu wamesimuliana habari za watu wanaovizia binadamu usiku na kumnyonya damu, na hata magari ya zima moto yalitajwa humo. Msomi anayecheka habari hizo hajaelewa kitu. Mtu ambaye kila mgeni mwenye gari alimjia kuchukua, kama si kodi basi nguvukazi ya manamba, kama si manamba basi pamba kwa bei ya kutupa, utamshawishi vipi kwamba huyu mwenye sindano hakuja kuchukua?

Na wala si hadithi za vijijini Afrika tu. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi mia nne hivi wenye kaswende kuanzia 1932 hadi 1972. Iliwatazama tu ugonjwa unavyowala, wakati penisilini ilishakuwa tiba ya kawaida tangu miaka ya 1940. Hawakuambiwa ukweli na hawakupewa dawa. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake mwaka 1997, wengi wao wakiwa wamekwisha kufukiwa. Kwa hiyo bibi kizee anayeuliza damu yake inapelekwa wapi si mshamba. Ajibiwe.

Pamoja na hayo yote, mimi nasema wazee wakubali kupimwa. Tena wakubali kwa wingi. Sababu yangu ni ya kisiasa kama ilivyo ya kitabibu: katika nchi hii asiyehesabiwa hayumo kwenye bajeti.

Chukua mfano wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako wananchi wamehesabiwa na kupimwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1992 ulianza mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Waingereza, katika Hai, Morogoro Vijijini na baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu watu, na penye msiba waliuliza marehemu aliugua nini na alikufa vipi. Wakati ule wakubwa wote walizungumza habari za UKIMWI, malaria na vifo vya watoto, na walikuwa na haki. Lakini mzee akianguka shambani, jibu lilikuwa moja tu: uzee.

Ukaja utafiti wa kiharusi, kati ya 2003 na 2006, Hai na Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipata wagonjwa wapya 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walipata 316 hivi. Soma tena tarakimu hizo. Ugonjwa tulioambiwa ni wa Wazungu na wa wakubwa wenye vitambi kumbe unamwangusha kabwela wa uswahilini, tena karibu mara tatu kuliko mkulima wa mlimani.

Likafuata suala la presha. Wazee 2,223 wa Hai, wote wa miaka 70 na kuendelea, walipimwa. Karibu saba katika kila kumi walikutwa na presha ya kupanda. Wengi hawakuwa wanajua, na waliokuwa wanatumia dawa mpaka presha ikashuka inavyotakiwa walikuwa wachache mno. Hao ni wakulima wa migomba na kahawa, watu waliotembea milima maisha yao yote. Hakuna aliyekula chipsi kuku.

Bila wazee wale kukubali kukaa kitini na kufungwa kile kitambaa mkononi, nani angeyajua haya? Waziri gani angesimama bungeni akasema anaomba fedha za dawa za presha vijijini? Angeambiwa alete takwimu.

Lakini linalonigusa zaidi ni la tatu, nalo ni la akili. Mwaka 2010 watafiti waliingia vijiji sita vya wilaya ile ile na kuwahoji wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Walitaka kujua ni wangapi wenye ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni ambao madaktari huuita dimensia. Baada ya uchunguzi wakakadiria ni kama sita katika kila mia, kiwango kisichotofautiana sana na cha nchi za matajiri.

Tuitafsiri tarakimu hiyo kwa lugha ya kijijini. Maana yake ni kwamba bibi anayepotea njia ya kisimani alichoteka maji miaka hamsini, anayemwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa, anayetoka usiku wa manane na kukutwa kwenye uwanja wa jirani bila nguo, ni mgonjwa. Hajaanguka na ungo ulioishiwa nguvu. Ubongo wake unaumwa kama mwingine anavyoumwa ini. Sasa katika nchi yetu, bibi wa namna hiyo akiwa amebahatika kuzaliwa kwa watu waelewa, atafungiwa ndani. Asipobahatika, mnajua. Kanda ya Ziwa wazee wetu, hasa akina mama, wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe miaka nenda rudi jikoni. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu katika miaka ya 2010 zilihesabu mamia ya watu kwa mwaka waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa wa kusahau tu, waliojibu ovyo walipoulizwa, wakaonekana wamekiri?

Hapo ndipo utafiti unapoacha kuwa mambo ya wasomi. Karatasi ya daktari inayosema "mama huyu ana ugonjwa, jina lake hili" inaweza kumwokoa mtu na panga.

Na watu wa Hai hawakuishia kuhesabu. Walitengeneza kipimo kifupi cha kumpima mzee akili bila kumtaka asome wala kuandika, kwa sababu vipimo vya Ulaya vinamtaka mtu achore maumbo kwa kalamu, na mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu ataonekana chizi hata kama anakumbuka deni la mwaka 1970 mpaka senti ya mwisho. Badala ya kalamu wakaweka njiti za kiberiti: nitazame ninavyozipanga, nawe zipange hivyo hivyo. Wakauliza daraja ni nini, leo siku gani, taja wanyama kadiri unavyoweza ndani ya dakika moja. Baadaye wazee 34 wenye ugonjwa huo wakakusanywa katika vikundi vya mazungumzo na mazoezi ya kuamsha akili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha kuwa yaliwasaidia. Bila vidonge vya bei mbaya. Huo ndio utafiti unaorudi kwa mwenyewe.

Basi usije ukadhani napinga upimaji. Napinga upimaji wa kuchukua na kuondoka.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kuuliza maswali katika utafiti wa aina hii, miezi miwili, posho yake ilininunulia baiskeli. Niliyoyaona humo hayamo kwenye ripoti. Kazi ngumu kuliko zote ni umri. Kishikwambi kinataka tarehe, mwezi na mwaka. Mzee anakujibu kwamba alikuwa anachunga mbuzi wakati Mwenge unapandishwa Mlima Kilimanjaro. Haya, Mwenge ni Desemba 1961, mchunga mbuzi ana miaka saba hadi kumi, piga hesabu. Mwingine anasema mama yake alikuwa mjamzito wake wakati wa vita vya Hitila. Mwanzoni mwa vita au mwishoni? Hajui, mama hakumwambia. Mama mmoja alihesabu kwa Operesheni Vijiji: nyumba yao ilipovunjwa wahamie kijiji kipya, tayari alikuwa na watoto wawili na wa tatu mgongoni. Hapo ukikaa kimya ukasikiliza, unapata historia ya nchi ambayo haimo katika vitabu vya shule, na hakuna kisanduku cha kuijazia.

Yapo na ya kuchekesha. Swali moja la kupima kumbukumbu lilimtaka mzee amtaje mwenyekiti wa kijiji. Mzee mmoja akanitazama, akaniuliza: "Unamsema yule mwizi?" Kumbukumbu yake ilikuwa safi kabisa, pengine safi kupita kiasi. Lakini kishikwambi kilitaka jina.

La kusikitisha lilikuwa moja, nalo lilijirudia nyumba hata nyumba. Tukifika mwisho, mzee ananiuliza: sasa mwanangu, ninaumwa nini? Sisi vijana wa posho tulielekezwa kujibu kwamba majibu yatachambuliwa. Yanachambuliwa wapi? Na nani? Yatarudi lini? Nilipomuuliza msimamizi wetu alisema ripoti itaandikwa. Ripoti kweli huandikwa, kwa Kiingereza, na kusomwa kwenye warsha yenye chai na sambusa. Mzee wa kijijini haalikwi.

Tuzungumzie na hiyo karatasi ya ridhaa, maana hapa ndipo haki ya mzee inapochezewa peupe. Utaratibu unasema mtu aelezwe utafiti ni wa nini, utamchukua muda gani, una madhara gani, na kwamba anaweza kukataa au kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma. Ni utaratibu mzuri. Lakini tazama unavyofanyika. Kwanza anaingia mwenyekiti, anasema: mzee, wageni wa serikali hawa, wape ushirikiano. Hapo tayari mambo yamekwisha! Mzee aliyeishi chini ya jumbe wa mkoloni, kisha chini ya balozi wa nyumba kumi, akisikia neno serikali anakunja mgongo. Atakataa vipi? Ruhusa ya mwenyekiti ni ruhusa ya kuingia kijijini. Mwenyekiti hana damu ya kukutolea.

Au anajibu mtoto wa kiume. Mama anaulizwa kama anakubali, kijana anadakia: anakubali, anakubali, pimeni. Kumbe jicho lake liko kwenye sukari. Kwa mzee ambaye akili imeanza kumtoka, ni kweli lazima ndugu asimame badala yake. Lakini mama mwenye akili timamu, anayelima mwenyewe na kuuza vitunguu mwenyewe, kwa nini asemewe?

Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki mwaka 1964, nalo limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Linasema, pamoja na mengine, kwamba waliofanyiwa utafiti wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake. Sisi Watanzania tuna uzoefu na maazimio, tunajua kati ya azimio na shamba kuna umbali gani. Hata hivyo lipo, na kila mtafiti mkubwa amelisoma. Hapa nchini hakuna utafiti wa afya kwa binadamu unaoruhusiwa bila kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye dhamana hiyo kitaifa. Kwa hiyo mtu asituambie hakuna wa kuuliza.

Wenzetu walifanyaje? Katika mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, Wamarekani walianza mwaka 1948 kuwafuatilia wakazi 5,209 kujua nini kinaleta maradhi ya moyo. Utafiti ule uliendelea mpaka kwa watoto na wajukuu wao. Mengi tunayoambiwa leo kuhusu presha, sigara na mafuta mwilini yalitoka pale. Lakini kuna jambo dogo ambalo watu hawalisemi sana: vipimo vya kila mtu vilipelekwa kwa daktari wake mwenyewe. Mkazi alitoa damu yake kwa ajili ya dunia, na daktari wake akapata majibu. Ndiyo maana walirudi miaka nenda miaka rudi. Hawakurudi kwa ajili ya sabuni.

Kijijini kwetu daktari wako mwenyewe ni nani?

Nitatoa mfano wa nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliandikishwa katika utafiti wa wazee, si ule nilioufanyia kazi mimi. Walimpima vizuri, kwa adabu, shikamoo nyingi. Presha yake ikasoma 190 juu ya 110. Wakamwandikia kikaratasi aende zahanati. Akaenda, kilomita saba kwa miguu, kwa kuwa bodaboda ni hela na bodaboda kwa mama wa miaka sabini na tisa ni balaa jingine. Zahanati wakamwambia dawa hizo hatuna, nenda kituo cha afya. Kituo cha afya kiko mbali zaidi. Alikwenda siku anko alipopata fedha, akaandikiwa dawa, akaambiwa dukani zipo. Alinunua za wiki mbili. Zikaisha. Akahisi nafuu, akaona basi amepona, maana hakuna aliyekaa naye kumwambia kuwa dawa hizi ni za maisha. Mwezi wa nane tangu apimwe akaanguka jikoni, upande mzima wa kulia ukafa.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Anakula kwa mkono wa kushoto, jambo analoliona aibu kuliko hata kushindwa kutembea. Mwaka uliofuata gari likarudi kwa awamu ya pili. Kijana akauliza kwa adabu ile ile: tangu tulipokuja mara ya mwisho, umewahi kupata kiharusi? Shangazi akajibu ndiyo. Kijana akagusa kishikwambi, akaenda swali linalofuata.

Simlaumu kijana yule. Nami niliwahi kukaa kwenye kiti chake, najua hakuna alichopewa zaidi ya maswali. Wala sisemi watafiti ndio walimpiga bibi yangu kiharusi. Presha ingemwangusha hata bila wao, tena bila kikaratasi. Ninachosema ni kwamba kabla gari halijaingia kijijini, mtu mmoja alikaa ofisini akapiga hesabu ya mafuta, posho, vishikwambi na barafu ya damu. Mtu huyo alijua, kwa mfano wa Hai na kwingine, kwamba wazee wengi watakutwa na presha. Kama alijua, alipaswa kupiga na hesabu ya vidonge. Dawa za kawaida za presha si dhahabu, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu duniani. Na kama fedha za utafiti haziruhusu kununua dawa, basi yafanyike makubaliano na mganga mkuu wa wilaya kabla ya kumtoboa mtu kidole: sisi tutawaleta, ninyi mtakuwa na dawa. Wasipokubaliana, gari lisubiri.

Sasa niwageukie wenye nchi, maana watafiti hawakuchaguliwa na mtu. Serikali hii ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Ndani yake mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wameahidiwa matibabu bila malipo. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Vitambulisho vimegawiwa kwa picha na hotuba, vibao vya kumpisha mzee atangulie vimepigiliwa kwenye kuta za hospitali. Mzee anapishwa, anafika dirishani wa kwanza kabisa, anaambiwa wa kwanza kabisa kwamba dawa hakuna. Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, makofi yakapigwa. Sheria ni nzuri. Bibi yangu anaulizia kidonge.

Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa wa serikali au mvuvi. Fedha ndogo, naam, lakini ilitosha nauli ya kwenda kituo cha afya na chenji ikabaki. Huku Bara tuliambiwa mchakato unaendelea. Huo mchakato nao tungeufanyia utafiti wa kuzeeka.

Na tusidanganyane, wakubwa wanazipenda hizi tafiti. Mgeni akija na fedha, wilaya inapata gari, ofisi inapata kompyuta, maofisa wanapata semina. Ripoti ikitoka, inanukuliwa kwenye hotuba ya siku ya wazee tarehe 1 Oktoba kuonyesha serikali inavyojali. Kisha bajeti ya halmashauri inapangwa kana kwamba hakuna aliyepimwa. Hapo madiwani wetu, wa chama chochote, wana kazi. Diwani anayejua kata yake ina wazee wangapi wenye presha, kwa tarakimu zilizotoka kwenye mikono ya wazee wenyewe, anaweza kusimama kwenye baraza akamuuliza mkurugenzi kopo ngapi za dawa zimeagizwa. Asiye na tarakimu atabaki kulalamika, na kulalamika tumezoea, hata wao wamezoea kutusikia.

Kwa hiyo, wazee wangu, gari likija, msikimbie. Karibisheni, toeni viti. Kisha kabla ya kuweka dole gumba, ulizeni. Mmetoka taasisi gani, na kibali chenu kiko wapi, nisomeeni kwa Kiswahili. Damu yangu inakwenda maabara gani, itakaa huko muda gani. Mkikuta ninaumwa, mtanipeleka wapi, na dawa huko ipo leo au ipo kwenye karatasi? Nitaondoka hapa na vipimo vyangu vimeandikwa kwenye daftari langu, tarehe na tarakimu, au mnaondoka navyo ninyi? Mtarudi mwezi gani kusoma matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wote, pamoja na mganga wa zahanati? Mtafiti mwenye nia njema hatakasirika. Wengine watafurahi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza. Akikunja uso akatazama saa, wewe nawe una shamba la kupalilia.

Mwenyekiti wa kijiji aandike majibu yao kwenye muhtasari wa kikao na kugonga mhuri. Tarehe waliyoahidi ikipita, apige simu. Namba kwa kawaida ipo chini kabisa ya karatasi ya ridhaa, nakala ambayo mzee anapaswa kubaki nayo. Isitumike kufungia tumbaku.

Nawe kijana mwenzangu uliyeko mjini, Jumapili ukipiga simu nyumbani, usimwambie mama akatae kupimwa. Muulize presha yake ilisoma ngapi. Akikujibu kuwa walimpima lakini hawakumwambia, chukua jina la utafiti, wapigie wewe.